Uzoefu wangu: Istanbul kwa kivuko, tramu na miguu

Ukifika Istanbul, usikimbilie kulipia boti ya watalii. Kivuko cha kawaida cha Eminönü kwenda Kadıköy, kile wanachopanda watu wa kazini na wanafunzi, ndicho kilichonionesha mji huu kuliko chochote nilichokitolea pesa.

Kwanza kata Istanbulkart. Kadi hiyo moja inapita metro, tramu, basi na kivuko. Unaigusisha tu pale getini. Inauzwa kwenye mashine, na hapo hapo unaongeza salio. Mashine hairudishi chenji, kwa hiyo ingiza noti ambayo uko tayari ibaki yote kwenye kadi.

Sasa kivuko chenyewe. Ukitoka Eminönü, kaa nje, upande wa kulia. Linaanza kuonekana jumba la Topkapı juu ya ncha ya mji, halafu Aya Sofya, kanisa la kale lililokamilika mwaka 537 na sasa ni msikiti, kisha minara sita ya Msikiti wa Buluu, vyote vikijipanga polepole kadiri chombo kinavyokata kona. Hapo hamia kushoto uone Kız Kulesi, mnara uliosimama peke yake majini karibu na Üsküdar, na mkikaribia kushuka, stesheni kongwe ya reli ya Haydarpaşa. Chai ya rangi inauzwa humo humo, katika vijibilauri. Abiria wanawarushia shakwe vipande vya simit, ule mkate wa duara wenye ufuta, na ndege wanavidaka hewani. Aliyezoea kuvuka Magogoni kwenda Kigamboni hahitaji kufundishwa. Dakika kama 20, umetoka Ulaya umeingia Asia. Kurudi, panda jua likielekea kuzama, maana linazamia upande wa ile minara.

Pale gatini wapo wapiga debe wa boti za kitalii. Mmoja alinifuata, na kila nikipiga hatua bei yake ilishuka. Sema hapana mara moja, endelea na safari yako.

Kwa miguu, nenda Süleymaniye. Kutoka Eminönü ni mwendo wa kupanda, vichochoro vimejaa maduka ya nguo na vyombo, na magoti yatakuuma. Lakini msikiti huo, uliobuniwa na Mimar Sinan, msanifu majengo wa masultani wa Kiosmani, na kukamilika mwaka 1557, hauna kiingilio, wakati Aya Sofya mtalii wa kigeni amewekewa euro 25 tangu Januari 2024. Pita nyuma hadi kwenye ukuta wa bustani: chini yako kuna makuba ya madrasa na mabomba yake ya moshi, mbele maji ya Haliç, ule mkono wa bahari unaougawa mji upande wa Ulaya. Sinan mwenyewe kazikwa nje ya uwanja, pembeni, kwenye kaburi dogo tu. Niliposimama pale nilimheshimu zaidi.

Daraja la Galata nalo livuke kwa miguu, wavuvi wa ndoano wamepangana bega kwa bega na ndoo zao. Ukifika Karaköy usihangaike na mlima. Tünel, treni fupi ya chini ya ardhi inayofanya kazi tangu 1875, itakupandisha hadi Beyoğlu, mtaa wa juu mlimani, kwa kadi ile ile.

Tramu ya T1 ni nzuri asubuhi. Jioni inashonana mno, na kutoka Sultanahmet, mtaa wenye Aya Sofya na Msikiti wa Buluu, hadi Eminönü ni mteremko mtupu, basi tembea. Mvua ikinyesha vaa viatu visivyoteleza, maana yale mawe ya njia hayana huruma.