Nilivyoipanga Xfce kwenye kompyuta ya steshenari yangu

Steshenari yangu ni chumba kimoja hapa Morogoro. Meza inatazama ukuta, kwa hiyo mteja anayesubiri kopi yake husimama nyuma yangu na hana pengine pa kutazama ila kioo cha kompyuta. Kwa miaka mingi kioo hicho kilijaa faili za watu: CV ya huyu, mkataba wa pango wa yule, kitambulisho cha NIDA kilichoskaniwa juzi na hakijafutwa. Siku moja mama mmoja aliyekuja kutoa fotokopi akaniuliza, "Kumbe na fulani anatafuta kazi?" Jina la jirani yake lilikuwa pale, limeandikwa chini ya ikoni, herufi kubwa tupu. Niliona aibu sana. Yule jirani alikuwa ameniletea karatasi zake kwa kuniamini.

Basi hapo ndipo nilipoanza kuhangaika na mwonekano wa eneokazi, yaani ile sehemu unayoiona kompyuta ikishawaka. Ikasadifu kwamba Windows 10 iliacha kupewa huduma ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta yangu haina TPM 2.0, chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai. Mdogo wangu akaniwekea Linux Mint, mfumo wa bure unaoendesha kompyuta badala ya Windows, toleo linalotumia Xfce, kwa sababu mashine ina memori ya GB 4 tu. Xfce ndiyo inayochora madirisha, menyu na ule upau wa chini. Ilianzishwa na Olivier Fourdan mwaka 1996, na alama yake ni panya. Nimeitumia miezi kadhaa sasa, kila siku ya kazi.

Jambo la kwanza nililofanya lilichukua chini ya dakika moja. Unabofya kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu, unafungua mipangilio ya eneokazi, unaingia kwenye ikoni na kuchagua zisionyeshwe kabisa. Faili hazifutiki, zinabaki kwenye folda yake, ila kioo kinakuwa cheupe kama meza iliyofutwa. Kazi za wateja nikazihamishia kwenye folda moja yenye folda ndogo za tarehe. Kisha nikaongeza kwenye upau kitufe kinachofungua folda hiyo kama menyu. Nikikibofya naona tarehe, nikichagua tarehe naona kazi za siku hiyo, nikiachia kila kitu kinajificha. Aliye nyuma yangu haoni jina la mtu.

Kitu kilichonifurahisha zaidi ni vitufe vya upau. Xfce inakuruhusu kutengeneza kitufe chako, ukipe jina unalotaka na uamue kionyeshe maneno badala ya picha. Upau wangu sasa umeandikwa ANDIKA BARUA, SKANI, PICHA ZA PASIPOTI, FLASHI. Binti anayenisaidia dukani alikuwa hajawahi kugusa Linux. Siku ya kwanza nilimwachia kompyuta nikaenda kununua rimu za karatasi. Nimerudi nikakuta amehudumia watu watatu. "Dada, hii si imeandikwa kila kitu?" ndivyo alivyonijibu.

Maandishi nayo. Kwenye sehemu ya mwonekano kuna ukurasa wa fonti wenye namba ya DPI, inayoamua ukubwa wa maandishi kwenye kioo; kawaida ni 96. Nimeipandisha hadi 120. Menyu na majina yote yanakua kwa pamoja, ingawa madirisha nayo yanakula nafasi zaidi, na kwa kioo kidogo kama changu inabidi uzoee. Ukurasa wenyewe wa barua huo unaukuza ndani ya programu ya kuandikia, ni kitu kingine. Mzee mmoja anayekuja kuandikiwa barua za kikao cha mtaa alikuwa akiinama hadi bega lake linanigusa. Siku hizi nakuza ukurasa, anasimama wima, anasoma, ananiambia, "Binti yangu, hapo jina la mwenyekiti lina herufi moja pungufu." Karatasi haijaharibika, wino haujapotea.

Kwenye rangi niliteleza. Nilipakua kutoka mtandaoni mandhari moja nyeusi, yaani vazi la rangi la madirisha na menyu, iliyonivutia kwenye picha. Kufungua programu ya kuandikia, sehemu nyingine maandishi meupe yakalala juu ya weupe, na ukingo wa madirisha ulikuwa mwembamba kiasi kwamba kipanya hakiwezi kuushika. Huu wa ukingo una dawa: shikilia kitufe cha Alt kwenye kibodi, kisha buruta kwa kitufe cha kulia, dirisha litatanuka kutokea popote. Lakini maandishi yasiyosomeka hayavumiliki mbele ya mteja, nikarudi kwenye mandhari ya Mint yenyewe, ile ya mwanga. Jueni pia kwamba mavazi ya ndani ya dirisha na ya kichwa chake huchaguliwa sehemu mbili tofauti. Ukibadili moja tu, dirisha linaonekana limevaa shati la huyu na kofia ya yule.

Nawasihi sana msiiruke programu inayotunza wasifu wa upau, yaani nakala ya mpangilio wake, xfce4-panel-profiles. Ndani yake mna mipangilio tayari, mmojawapo unaitwa Redmond, jina la mji yalipo makao makuu ya Microsoft, kwa wanaopenda upau ukae kama wa Windows. Mimi naitumia kuhifadhi upau wangu. Binti aliwahi kuondoa vitufe viwili kwa bahati mbaya, na foleni ilikuwa hadi mlangoni kwa sababu ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma maombi ya chuo. Nilifungua wasifu niliouhifadhi, upau ukarudi na maneno yake yote kabla mteja wa mbele hajamaliza kuhesabu hela.

Vivuli na uwazi wa madirisha nimevizima. Kompyuta ya umri huu inahitaji nguvu zake kwa ajili ya kuskani.

Zamani nilikuwa nimeweka picha ya milima ya Uluguru, lakini ilikuwa haionekani kwa wingi wa ikoni, na majina ya faili yalipotelea kwenye majani. Nimeirudisha sasa, imeenea kioo kizima. Wateja wanaosubiri hubishana kama ile njia nyekundu ubavuni ndiyo inayopanda Morningside au ni nyingine.