Bafu Zuri, Chai ya Mashaka: Tathmini ya Huduma ya Kusafisha Mwili Nje na Ndani Jijini Mwanza

Duka ninalolizungumzia lipo upande wa Kirumba, ghorofa ya kwanza, na bango lake linaahidi usafi wa mwili "nje na ndani" kwa maandishi ya kijani yanayosomeka tangu barabarani. Jina lake naliacha kwa makusudi, kwa kuwa maduka ya aina hii yameenea kuanzia Buzuruga hadi Nyegezi, huuza vitu vinavyofanana kwa maneno yanayofanana, na nitakayoyasema kuhusu hili yatamfaa pia anayekusudia kuingia katika jingine. Kuna mvuke na kusuguliwa kwa ajili ya nje, na kuna kipimo pamoja na chai kwa ajili ya ndani. Kazi ya nje wanaijua na wanaifanya kwa heshima. Ya ndani ni habari nyingine.

Kibanda cha mvuke ni chumba kidogo cha mbao kinachoketisha watu watatu, na mvuke wenyewe hutoka katika sufuria kubwa lenye mchaichai na majani ya mkaratusi, harufu ambayo waliopiga nyungu mwaka 2020 wataitambua kabla hawajavua viatu. Baada ya hapo mteja huhamia kwenye bafu lenye vigae, husuguliwa mgongo, mikono na miguu kwa dodoki na chumvi iliyochanganywa na mafuta ya nazi, kisha huoga maji ya bomba ya vuguvugu. Mhudumu wangu, dada wa makamo mwenye mkono mzito lakini wenye adabu, alinawa kwa sabuni mbele yangu kabla hajanigusa, na nilipomwomba aongeze nguvu begani alikataa akisema, "Mama, ngozi haichunwi, inasuguliwa." Wangekuwa wengi wenye busara hiyo, vipele na michubuko ya saluni vingepungua mjini. Dodoki hutolewa jipya na mteja huondoka nalo, jambo ninalolisifu zaidi ya yote, kwa sababu dodoki linaloshinda na unyevu bafuni hufuga bakteria na ukungu, na hata la nyumbani linapaswa kukaushwa juani na kubadilishwa kila baada ya wiki chache.

Kasoro ya upande huu ni kandambili. Zipo za pamoja, zimerundikwa mlangoni zikiwa bado mbichi kwa maji ya mteja aliyetangulia, na hiyo ndiyo njia rahisi ya kuondoka na fangasi za vidole vya miguu mahali ulipokuja kutafuta usafi. Nenda na zako, na ukishaoga kausha katikati ya vidole kabla ya kuvaa soksi. Kuhusu kibao kilichobandikwa ndani ya kibanda kinachodai kuwa jasho "linafukuza sumu", tukipuuze: jasho karibu lote ni maji, pamoja na chumvi kidogo, na kazi yake ni kuupoza mwili. Faida ya mvuke ni kwamba hulegeza ngozi iliyokufa ili dodoki liiondoe bila kulazimisha, na kwamba mtu hutoka amepumzika, jambo ambalo kwangu linatosha kulipiwa. Mjamzito na mwenye shinikizo la damu wasiingie bila kuzungumza na daktari. Pale mapokezi hakuna aliyeniuliza kuhusu lolote kati ya hayo, na ilipasa waulize.

Mteja akishavaa, anaelekezwa chumba cha pili kwenye "kipimo cha mwili mzima". Unashika fimbo ya chuma mkononi, waya unakwenda kwenye kompyuta, na baada ya muda mfupi mashine inachapa kurasa kadhaa zinazoeleza hali ya ini, figo, mifupa, macho na hata kiasi cha metali nzito mwilini. Damu haikuchukuliwa, wala mkojo, wala choo. Sasa figo hupimwa kwa damu na mkojo, na minyoo hutafutwa katika choo kwa hadubini, kazi inayofanyika katika maabara ya kituo cha afya cha kawaida. Fimbo iliyoshikwa kiganjani haina njia ya kujua lolote kati ya hayo. Niliambiwa utumbo wangu una "uchafu wa miaka mingi ulioganda ukutani", na kijana aliyekuwa mbele yangu, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanangu wa kuzaa, aliambiwa maneno hayohayo. Lakini ukuta wa ndani wa utumbo huvua chembe zake na kuotesha nyingine kila baada ya siku chache, kwa hiyo hakuna mahali pa uchafu wa miaka kuganda.

Hapo ndipo chai inapoingia. Pakiti ni ya karatasi nzuri, na viambato vimeandikwa: sanamaki, shubiri, mlonge na tangawizi. Anayezijua dawa za asili ataelewa mara moja kwamba viwili vya kwanza ni vya kuharisha. Sanamaki ikifika kwenye utumbo mpana huamshwa na bakteria waliomo humo, kisha huukaza utumbo na kuzuia maji yasifyonzwe, na matokeo huonekana baada ya saa 6 hadi 12. Niliinywa saa tatu usiku na alfajiri ikafanya kazi yake bila kuchelewa, pamoja na msokoto wa tumbo ambao pakiti haikuutaja. Kwa mtu aliyefunga choo kwa siku kadhaa, sanamaki ni dawa halali na inatumika hospitalini pia. Shida ni maelekezo yaliyobandikwa: kikombe kila usiku kwa siku 30, ilhali haifai kuizidisha wiki moja bila ushauri wa daktari, kwa sababu kuharisha mfululizo hupoteza maji na madini ya potasiamu ambayo moyo unayahitaji. Anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango ajue pia kwamba kuharisha sana kunaweza kuvizuia visifyonzwe. Na wepesi anaouona mtu kwenye mzani siku inayofuata ni maji yaliyotoka. Akinywa na kula, uzito unarudi.

Dai lililonikera kuliko yote, na hasa kwa duka lililo hatua chache kutoka ziwani, ni kwamba chai hiyo "inatoa minyoo yote pamoja na kichocho". Kichocho cha tumbo, ambacho ndicho kilichoenea kandokando ya Ziwa Victoria, huletwa na vimelea viitwavyo Schistosoma mansoni ambavyo hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu anayeoga, anayefua au anayevuta nyavu. Wakishakua, minyoo hao huishi ndani ya mishipa ya damu inayozunguka utumbo, huko wakataga mayai ambayo mengine hutoka na choo na mengine huishia kwenye ini na kulidhuru. Hawapo ndani ya utumbo wenyewe. Mtu anaweza kuharisha mwezi mzima na minyoo wasijue kuwa kuna shughuli. Dawa yake ni prazikwanteli, inayopimwa kwa uzito wa mgonjwa, miligramu 40 kwa kila kilo, na watoto wa shule za kanda hii hupewa katika kampeni za serikali. Mvuvi wa Igombe au mchuuzi wa dagaa wa Mwaloni atakayeacha kupima choo kwa kuwa amekunywa chai ya usiku ataumia kimyakimya. Kinachomfaa ni kupunguza kuoga ziwani, au, kama maji ya kuogea lazima yachotwe huko, kuyalaza siku mbili katika pipa lisilo na konokono hadi vimelea vife, na ya kunywa kuyachemsha hata hivyo.

Nilimuuliza meneja namba ya usajili wa chai hiyo kutoka Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2002 kusimamia waganga na bidhaa zao, akanijibu kwamba "ipo njiani". Kwenye pakiti haikuwepo. Rafu ya wanawake ilikuwa na maji ya kuoshea uke kwa ndani, yenye harufu ya waridi, nayo naikataa moja kwa moja: uke hujisafisha wenyewe kwa bakteria wazuri wanaoulinda kwa tindikali, na kuwaosha hao ni kukaribisha maambukizi. Maji safi kwa nje yanatosha.

Bei: mvuke na kusuguliwa ni shilingi 20,000, ambazo nazilipa bila kinyongo, kipimo 15,000, chai 35,000 kwa pakiti ya mwezi. Vitu viwili vya mwisho sivirudii, na figo zangu hazinidai chochote, maana huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku na kurudisha karibu zote mwilini, zikiacha lita moja hadi mbili za mkojo, mradi niwe nakunywa maji ya kutosha. Ugali wa dona na mboga za majani hufanya kwa utumbo kile ambacho pakiti ile ilikiahidi, tena bila msokoto. Ukienda, lipia huduma ya bafu peke yake kabla ya kuingia na udai risiti, kwa sababu mapokezi hupenda kukuandikia "kifurushi kamili". Jumamosi na Jumapili kuna foleni ndefu. Asubuhi za siku za kazi kibanda huwa kitupu na taulo zimetoka kuanuliwa.