Myanmar: vikaragosi vya Mandalay au kukesha kwenye zat pwe (maonyesho ya jadi ya jukwaani ya usiku kucha)?

Kama una jioni moja tu Mandalay, vikaragosi vya nyuzi ndo rahisi: ukumbi mdogo, kama lisaa hivi, ukitoka unaenda kula. Yule mganga Zawgyi mwenye nguo nyekundu anarukaruka hewani mpaka unasahau kuna mtu juu anavuta nyuzi. Ila watazamaji wengi ni watalii wenzako, tuseme ukweli.

Zat pwe ni habari nyingine kabisa. Inafanyika kwenye sherehe za pagoda, inaanza usiku inaisha alfajiri, familia zimetandika mikeka, watoto wamelala hapohapo, mara dansi mara vichekesho mara igizo la kuliza watu, we huelewi hata neno lakini unacheka nao. Sogea karibu na bendi ya hsaing waing umwone jamaa kakaa katikati ya ngoma 21 zimemzunguka, anazibandika ujiuji wa wali na majivu ili sauti ikae sawa. Mi nachagua hii, usingizi utaulipa kwenye basi. Ubaya wake haina ratiba ya watalii, inabidi uulize wenyeji, na tangu mapinduzi ya 2021 sio kila mji unaweza kukesha nje, kwahiyo ulizia hali kwanza kabla hujakata tiketi.