Hoteli ya nyumba ya kale Mji Mkongwe: yote yategemea chumba utakachopewa

Usiku 4, hoteli ndogo yenye vyumba 9, mtaa wa Hurumzi, Unguja, mwezi wa Februari. Usiku 2 nililala chumba cha chini, usiku 2 uliobaki ghorofa ya kwanza. Jina la hoteli naliacha, kwa kuwa karibu kila nitakachosema kinatokana na ujenzi wa nyumba za Mji Mkongwe, na utakikuta Shangani, Kiponda au Baghani vilevile.

Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake kama nusu mita. Dari zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki urefu wa mita 3 na kidogo bila kupinda, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Picha za mtandaoni hukifanya chumba kionekane ukumbi. Kitanda cha samadari (cha mbao, chenye nguzo na paa) chenye upana wa mita 1.8 kikishaingia, kila upande unabaki ujia wa sentimita 60 au 70. Mna masanduku mawili makubwa? Ulizeni mapema kama kuna pa kuyaweka, maana vidaka vya ukutani ni vizuri kwa taa na vitabu, basi.

Chumba cha chini sikishauri, hata wakikupunguzia bei. Matumbawe hufyonza maji ya ardhini, maji hupanda na chumvi, na yakikauka usoni mwa ukuta chumvi huganda ikisukuma rangi itoke. Ukuta uliopakwa chokaa unapumua, kwa hiyo unadondosha unga tu. Balaa ni pale mkarabati alipopiga plasta ya saruji juu ya mawe: unyevu unakosa pa kutokea, plasta inavimba na kuanguka kwa mapande. Kwangu, mita nzima ya kwanza kutoka sakafuni ilikuwa na unga mweupe, kabati lilinuka ukungu, na kila jioni shuka zilikuwa na umajimaji. Nilipoomba kuhama, wahudumu walinihamisha bila ubishi na bila kuongeza bei, na hilo nawashukuru. Kabla ya kufungua begi, pitisha kiganja ukutani nyuma ya kitanda, kisha fungua kabati unuse. Dakika moja inatosha.

Ghorofa ya juu kabisa ndiyo inayouzwa ghali, kwa ajili ya upepo na mandhari ya mapaa hadi baharini. Ina kasoro mbili. Ya kwanza ni bati: wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, joto la mchana hubaki darini mpaka usiku wa manane. Ya pili ni maji. Tangi liko juu ya paa, na kila mita 10 za kimo hutoa presha ya takriban ba 1. Chumba kilicho mita 2 chini ya tangi kinapata ba 0.2, yaani maji yanachuruzika tu. Hoteli nyingine hufunga pampu, lakini pampu inataka umeme. Uliza: umeme ukikatika, jenereta linabeba pampu na kiyoyozi, au taa peke yake? Hapa lilibeba taa na feni tu.

Kwa hiyo ghorofa ya kwanza, dirisha likitazama kichochoro. Kichochoro chembamba kati ya nyumba ndefu hakioni jua isipokuwa adhuhuri, na ukuta wake hukaa baridi. Vyumba vinavyotazama ua wa ndani vina kiza zaidi, na kila sufuria ikigongwa jikoni utaisikia, kwa sababu ua hubeba sauti kama kisima.

Hita ya maji ilikuwa ya lita 30. Ya ukubwa huo, ikiwa na kilowati 1.5, huhitaji kama dakika 25 kufikisha maji joto la kuogea, na inatosha watu wawili wasiokawia. Swichi yake iko nje ya mlango wa bafu na wageni wengi huipita bila kuiona. Bafu lenyewe ni la chokaa iliyosuguliwa hadi ikang'aa, zuri sana kwa macho, linateleza vibaya likiwa na sabuni. Omba mkeka wa mpira. Pia ukuta wa bafu uliishia usawa wa kichwa, mtindo unaopendwa na wasanifu wa hoteli hizi. Wanaosafiri na mzazi, au marafiki wanaochangia chumba, wahakikishe kuna ukuta na mlango kamili.

Kosa la wageni ni kuweka kiyoyozi nyuzi 18. Madirisha ya mbao ya zamani hayazibi vizuri, hewa ya bahari inaendelea kuingia, na maji yanatokeza kwenye kila kitu kilichopoa. Weka 25 au 26 na uwashe feni. Lakini angalia feni iko wapi: ikiwa darini, juu ya paa la samadari lenye kitambaa, upepo unaishia kwenye kitambaa. Waliniletea feni ya kusimama, nikaielekeza ubavuni mwa chandarua, nikalala vizuri. Samadari ni refu kutoka sakafuni, kwa mtoto mdogo omba godoro la chini.

Adhana ya alfajiri inasikika kila chumba, karibu saa 11. Misikiti ni mingi na mji ni wa Kiislamu, anayekuja aje akilijua hilo, na kwangu ilikuwa saa nzuri kuliko zote za siku. Kilichosumbua ni hatua za walio juu, kwani sakafu ya boriti inapitisha kila kishindo cha kiatu. Mtandao ulikamata vizuri karibu na mlango tu. Unene wa kuta unaua mawimbi, hivyo kila ghorofa inahitaji kisambazio chake, na hapa kilikuwa kimoja, mapokezi.

Chakula cha asubuhi juu ya paa kilistahili sifa: vitumbua vya moto, mkate wa kumimina, embe, chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi. Mayai yalichelewa kwa sababu jiko liko chini na ngazi ni ghorofa tatu. Agiza usiku, taja na saa.

Gari halifiki mlangoni. Kutoka uwanja wa ndege, kilomita 7 hivi, teksi itakuacha Forodhani au Darajani, kisha ni mguu. Waombe hoteli wamtume mtu akupokee mahali mtakapokubaliana, la sivyo mapapasi (vijana wanaowinda wageni mitaani) watakuongoza kwenye hoteli nyingine kabisa. Ukitoka bandarini kwa boti ya Dar es Salaam, patana na hamali bei kabla hajashika mzigo. Ngazi za ndani ni kali na hakuna lifti, hivyo mwenye magoti mabovu aseme wakati wa kuweka nafasi.

Kuhusu malipo, uliza bei ya mkaazi (anayeishi nchini) na uwe na kitambulisho, maana tofauti inaweza kuwa kubwa na hawatakuambia wenyewe. Uliza pia kama kodi ya miundombinu, inayotozwa kwa kila mtu kwa kila usiku, imo ndani ya bei au utaidaiwa siku ya kuondoka. Kwangu haikuwemo. Wageni kutoka nje ya nchi wakumbuke bima ya safari ya lazima ya Zanzibar iliyoanza 1 Oktoba 2024, hiyo haihusiani na bili ya hoteli.

Kutoka chumbani ni saa 4 asubuhi. Boti yako ikiwa ya alasiri, watakuwekea mizigo bure chini ya ngazi, lakini usiiegemeze ukutani, itapata chokaa.