Betri ya Boti ya Uvuvi: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Ukiingia duka la betri Kariakoo au Gerezani, swali la kwanza utakaloulizwa ni "unataka Ah ngapi?", yaani ampia-saa, kipimo cha chaji inayobebwa na betri. Usijibu kwa kubahatisha. Piga hesabu ya usiku wako kwanza.

Chukua chombo cha dagaa pale Kunduchi chenye taa 4 za LED, kila moja wati 20, zinazowaka saa 10. Hizo ni wati-saa 800. GPS na kifaa cha kutafutia samaki, tuseme wati 10 kwa pamoja, vinaongeza 100. Jumla 900, gawa kwa volti 12, unapata Ah 75 kwa usiku mmoja. Injini ya kuvuta kamba haimo kwenye hesabu, kwa kuwa haiombi betri. Betri nimezipanga kuanzia ile ambayo ningempa tajiri wa chombo cha namna hiyo.

1. Lithiamu (LiFePO4), Ah 100

Unaweza kutumia asilimia 80 yake kila usiku bila kuiumiza, kwa hiyo Ah 75 zinaingia na kidogo kinabaki. Ina uzito wa kilo 10 hadi 12, kijana mmoja anaibeba hadi ufukweni. Bei yake inauma, hilo halina ubishi. Lakini kinachoipa nafasi ya kwanza ni muda wa kuchaji. Chombo kikirudi saa 2 asubuhi na kutoka tena saa 11 jioni, una saa 9 tu, na humo umeme unaweza kukatika. Chaja ya ampia 20 itairudishia lithiamu chaji ya usiku mzima kwa saa 4 hivi. Betri za asidi, yaani aina zote tatu zinazofuata hapa chini, hupokea haraka mwanzoni, halafu sehemu ya mwisho inakwenda kwa kusuasua saa nyingi. Ukizikatisha njiani kila siku, zinazeeka kabla ya wakati.

Chaja, au kontrola ya sola (kifaa kinachosimamia chaji kutoka kwenye paneli), iwe na mpangilio wa lithiamu. Na kama injini yako inawashwa kwa starta, iachie betri yake. Hii ibaki ya taa.

Hapa ndipo feki zilipojaa. Kibandiko kinasema Ah 100, ndani hamna kitu. Nenda na mzani wa kuning'iniza, ule ule wa kupimia samaki, uitundike betri hapo hapo dukani. Ikisoma kilo 6, mwambie bosi asante na uondoke. Muuzaji akikataa isipimwe, jibu umeshalipata.

2. Betri kavu (AGM au jeli)

Haivuji, haitaki kuongezwa maji, na inavumilia chombo kikilala upande. Tatizo ni kwamba inataka utumie nusu tu. Kwa hesabu yetu unahitaji Ah 150, na hapo unabeba kilo 40 na ushee. Kwa mvuvi wa mshipi mwenye taa moja na GPS, hii inamtosha kabisa na sioni sababu ya kumtia gharama ya lithiamu.

Ila iangalie wakati wa mbalamwezi. Giza, yaani siku ambazo mwezi hauonekani, likiisha, uvuvi wa dagaa unapumzika na betri inatupwa stoo ikiwa tupu. Betri ya asidi ikikaa tupu siku zote hizo, sahani zake zinaota ukoko na haijai tena kama zamani. Ijaze kwanza, ndipo uiweke. Ikishatulia saa kadhaa bila mzigo (bila kuwasha kitu), mita isome kama volti 12.7. Ikisoma 12.2, iko nusu.

3. Betri ya maji ya sola

Ni nafuu, na kwenye mashua pana yenye sehemu kavu ya kuifunga wima inaweza kufanya kazi. Kwenye boti ndogo, hapana. Mawimbi ya kusi yataimwaga asidi, na maji ya chumvi yakiingia ndani yanaweza kutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu.

4. Betri ya gari

Iache dukani. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, kisha ijazwe na injini. Ukiikamua usiku kucha, itakufa mapema, na unafuu wa bei utaishia hapo.

Yoyote utakayochukua, bakisha hela ya waya. Waya wa taa za nyumbani wa milimita 1.5 (za mraba), ukienda mita 4 na kurudi, unapoteza karibu volti 0.7 kwa mzigo wetu, na taa zinafifia wakati betri bado ina chaji. Weka wa milimita 6, wenye nyuzi zilizopakwa bati ukiupata, maana shaba tupu huliwa na chumvi. Fyuzi ya ampia 15 ikae karibu na kichwa cha chanya, isizidi sentimita 20. Betri ifungwe kwa mkanda ndani ya boksi la plastiki lenye mfuniko, juu ya maji ya ngamani, yale yanayojikusanya chini ndani ya chombo. Vichwa vipake grisi, na kila giza linapoanza ufungue ukague kama kuna ukungu wa kijani.