Kuikamua mashine kabla ya kuikabidhi: uzoefu wangu na Memtest86+, Prime95 na OCCT

Kilichonifikisha kwenye programu hizi za kupima uzima wa kompyuta kwa kuipa kazi nzito ni aibu. Nilimuuzia mama mmoja mwenye steshenari kule Mbagala kompyuta ya mezani, mtumba wa Ulaya. Niliifungua, nikapuliza vumbi, nikaiongezea RAM (kumbukumbu ya kazi) kutoka GB 4 hadi 8, nikapiga Windows. Nikafungua video, ikacheza bila kukwama, nikasema hii tayari. Siku ya tatu akapiga simu: imezimika yenyewe, skrini imekuwa ya bluu. Nikaenda nikapiga Windows upya. Wiki haikuisha, ikarudia. Nikabadilisha diski. Safari ya tatu nilimkuta na foleni ya wanafunzi wanaosubiri kutolewa kopi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hivi hii kompyuta umeniuzia, au umenipa nikuuguzie?"

Niliibeba bila kujibu. Usiku huo ndipo nilipoweka Memtest86+ kwenye flashi kwa mara ya kwanza, na ndiyo nitakayoianza kuisifu hapa, kwa sababu ndiyo iliyoniumbua.

Memtest86+ ni ya bure, haihitaji Windows. Unawasha mashine kwa flashi, inaanza yenyewe kuandika mifumo mbalimbali ya sifuri na moja kwenye kumbukumbu yote na kuisoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kinachorudi. Mzunguko wa kwanza ulikwisha bila kosa lolote. Kama si uvivu wa kusubiri daladala ya kuirudisha Mbagala usiku ule ningeizima hapo hapo na kuendelea kuilaumu Windows. Niliiacha, nikaenda kulala. Asubuhi nikakuta mistari myekundu, na makosa yote yamerundikana kwenye eneo moja dogo la kumbukumbu. Nikachomoa RAM moja, nikajaribu tena. Nikairudisha, nikachomoa ya pili. Nikahamisha na sloti, kwa sababu wakati mwingine ugonjwa uko kwenye mazabodi (ubao mkuu) na RAM inasingiziwa. Mbovu ilikuwa ile niliyoiongeza mimi mwenyewe. Mashine ilitoka Ulaya ikiwa nzima, mimi ndiye niliyeitia homa.

Hapo nikaelewa kwa nini kupiga Windows upya kulionekana kusaidia. Kasoro ilikuwa mahali padogo mno. Mashine ikiwa na kazi chache inaweza kupita siku mbili bila kukanyaga hapo. Mama akifungua Word, kivinjari na skana kwa pamoja, kumbukumbu ikajaa, basi anaingia shimoni. Mzunguko mmoja wa Memtest86+ sasa siuamini. Kwa GB 8 kwenye mashine za aina ninazouza ni kama dakika arobaini hivi, kwa hiyo mizunguko minne ni usiku wa kawaida tu wa mtu kulala.

Prime95 nayo ni habari nyingine. Haikutengenezwa kwa ajili ya mafundi. Ni programu ya mradi wa GIMPS, aliouanzisha George Woltman mwaka 1996, ambapo watu wa nchi mbalimbali hujitolea kompyuta zao kusaka namba tasa kubwa za aina ya Mersenne. Kubwa kuliko zote ambayo mradi huo uliitangaza Oktoba 2024 ina tarakimu 41,024,320. Hesabu za namna hiyo huchukua siku nyingi, na kosa moja katikati linaharibu kazi yote, ndiyo maana programu imejazwa njia za kujikagua. Inazidisha namba kubwa kwa kutumia desimali, na mwisho wa kila hatua desimali hizo lazima ziangukie karibu kabisa na namba nzima. Zikipotoka kuliko kiwango, inaandika kwamba imepata 0.5 ilipotarajia chini ya 0.4, na jaribio kwenye kiini kile cha prosesa (ubongo wa kompyuta) linasimamishwa. Kwangu hilo ndilo linaloipa thamani. Windows inaweza kukosea hesabu na kukaa kimya mpaka faili liharibike. Hii, kwenye jaribio lake la kukamua, inajua jibu sahihi kabla haijaanza.

Si maneno ya mafundi wa vijiweni tu. Januari 2016 Intel yenyewe ilikiri kwamba prosesa zake za kizazi cha Skylake zinaweza kuganda zikipewa hesabu fulani nzito, na waliokuwa wamelibaini tatizo hilo ni watu wa Prime95. Dawa ilikuja kama sasisho la BIOS, ile programu ya ndani inayoiwasha mashine kabla ya Windows. Tangu niliposoma hayo, BIOS ndiyo ninayoisasisha kwanza, kabla ya kipimo chochote.

Kuitumia ni rahisi: ukiifungua chagua "Just Stress Testing", usije ukajikuta umejiunga na mradi wa kutafuta namba kwa umeme wako mwenyewe. Halafu chagua aina ya mateso. "Small FFTs" inakaa ndani ya kashe (kumbukumbu ndogo ya ndani) ya prosesa, haigusi sana RAM, na inatoa joto la kutisha. Wengi huipenda hiyo kwa sababu inaonekana ya kiume. Mimi naiona ni ukatili usio na faida kwa laptopu ya mhasibu. Naiendesha dakika ishirini nione feni na joto, kisha nahamia "Blend", inayotumia RAM kwa wingi, na hiyo ndiyo inayokesha usiku.

Suala la joto lataka maelezo kidogo. Zamani nilikuwa najaribia mashine kwenye ofisi ya rafiki yangu Posta, yenye kiyoyozi. Zote zilifaulu. Kisha laptopu inakwenda Mbagala, chini ya bati, mchana wa Januari nyuzi 32, inageuka konokono. Prosesa nyingi za Intel za laptopu hufika nyuzi 100 zikaanza kujipunguzia kasi zisiungue. Hazizimiki, hazitoi kosa, zinalegea tu. Prime95 haitakwambia hilo, itaendelea kuandika kwamba imefaulu. Ni lazima ufungue HWiNFO pembeni uangalie joto na kasi pamoja. Nilikuwa na moja iliyoanza na GHz 3 na ushee, dakika ya nne ikawa GHz 1.2. Niliifungua nikakuta ile krimu ya kijivu kati ya prosesa na hitsinki (chuma cha kuipoza) imekauka imekuwa kama chokaa. Nilipopaka mpya na kusafisha feni ikatulia nyuzi 84. Siku hizi mashine zangu zinajaribiwa chumbani kwangu, dirisha wazi, bila kiyoyozi. Zikiliweza joto la hapa, zitaliweza la mteja.

Kuhusu umeme, maana huwa naulizwa: mashine inayokula wati 150 ikikamuliwa saa nane inamaliza yuniti 1.2 za LUKU. Nauli ya kwenda na kurudi Mbagala mara tatu, pamoja na kununuliwa soda ya kuombwa msamaha, imezidi hapo kwa mbali.

OCCT niliijia baadaye, na imeniokoa mara moja tu, lakini mara hiyo ilitosha. Kijana anayehariri video za harusi alileta mashine yenye kadi nzuri ya grafiki, analalamika inazima anapotoa video ya mwisho. Prime95 ilipita. FurMark, ile ya kukamua kadi ya grafiki kwa duara lenye manyoya linalozunguka, nayo ikapita. Prosesa peke yake nzima, kadi peke yake nzima. OCCT ina jaribio linalovipa mzigo vyote viwili kwa wakati mmoja, na mashine ilizima dakika ya saba. Pawa saplai iliandikwa wati 500 ubavuni, lakini ukiishika mkononi ni nyepesi kama boksi la biskuti, dalili kwamba wati hizo haina. Tulipobadilisha tu, tatizo likaisha. Ubaya wa OCCT ni kwamba toleo la bure linakata jaribio likifika saa moja, na masharti yake ni kwa matumizi binafsi. Fundi anayelipwa anatakiwa kununua leseni. FurMark ukiacha mashine za michezo na za wahariri sioni haja yake.

Diski huwa naitazama kabla sijaanza kukamua, kwa CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski, dakika mbili, kwa sababu mashine yenye diski inayokufa hutakiwi kuikamua kabla hujatoa faili za mwenyewe. Hili nalisema kwa mkazo: kipimo kizito kinaweza kumalizia kitu kilichokuwa mahututi. Mteja mmoja aliniuliza, "Sasa kaka, ikifia kwako nani analipa?" Swali la haki. Siku hizi nakubaliana na mtu kabla, na kwa mashine ninazouza mimi, ikifia kwangu ni hasara yangu.

Na kuna mambo ambayo hakuna hata moja kati ya programu hizi itakayoyaona. Laptopu moja ilikesha na Prime95 bila kosa, mteja akafunga kifuniko, akafungua, skrini ikabaki nyeusi. Hakuna kipimo cha mzigo kinachojaribu kulala na kuamka. Nyingine ilikuwa nzima ikiwa kwenye chaja, ikizimika papo hapo ikitegemea betri. Kwa hiyo bado kuna kazi ya mikono: kuifunga na kuifungua mara kumi, kuchomeka flashi kila tundu, kutikisa waya wa chaja, kubonyeza kila herufi ya kibodi.

Kasoro ya Prime95 iliyonichekesha na kunitia haya kwa pamoja: kubofya alama ya kufunga dirisha hakuizimi. Inajificha pembeni ya saa na kuendelea kukamua. Nilimkabidhi mwalimu mmoja laptopu, jioni akanipigia kwamba inapiga kelele kama jenereta na betri haimalizi saa. Ilikuwa bado inatafuta makosa, maskini, sebuleni kwake. Simamisha jaribio kwenye menyu, toka kabisa, kisha ifute.

Hasara kubwa ya yote haya ni muda. Kazi ya siku moja imekuwa ya siku mbili, na wapo wateja wanaokimbilia kwa fundi wa dirisha la pili anayemaliza kwa saa tatu. Siwalaumu. Kwa wanaosubiri, nawatumia picha ya skrini asubuhi kwenye WhatsApp waone kilichofanyika usiku. Yule mama wa steshenari alirudi mwaka huu kuchukua ya pili, nikamtumia ile ya Memtest86+ yenye neno PASS limeandikwa kubwa katikati.

Akajibu: "Pass tu, fundi? Haijapata division one?"