Nilimpeleka mamangu kwa maonyesho ya uhalisia mseto, na hivi ndivyo ilienda

Kitu ya kwanza nitasema ni kwamba mamangu aliinama. Alikuwa amevaa hedseti, ile miwani kubwa ya kompyuta, ametembea hatua kama tatu hivi kwa galari, mbele yake hakuna kitu, sakafu ya simiti na kuta nyeupe tu, halafu akainamisha kichwa vile mtu huinama akipita chini ya kamba ya nguo. Mimi nilikuwa bado sijavaa yangu kwa hivyo niliona tu mama wa miaka 68 akiinamia hewa. Nilipovaa ndio nikaiona kamba, imepita chumba upande mmoja hadi mwingine na yunifomu ya shule imeanikwa, na iko chini kabisa. Hakuna mtu alikuwa amemwambia ainame.

Sasa tuanze mwanzo. Ni galari moja huku Westlands, Nairobi, tiketi ilikuwa mia saba, na kazi yenyewe ni chumba kimoja cha zamani cha Eastlands, zile nyumba za reli na za kanjo, kimejengwa ndani ya hedseti. Mamangu alilelewa Muthurwa, kwa landhies, yaani hizo nyumba za wafanyakazi wa reli, babake alikuwa mtu wa reli. Chumba kimoja, watoto sita, mfereji na choo mnashare na majirani. Muthurwa ya leo watu wengi wanaijua kwa soko na matatu, ukitaja landhies kijana anafikiria barabara tu. Kwa hivyo nilipoona tangazo nikajua huyu lazima nimpeleke, ingawa niliogopa kidogo, juu simu yake tu ikimsumbua hunipigia.

Kwa wale hawajawahi jaribu hii kitu, usichanganye na ile ya uhalisia pepe, ile inakufunga macho kabisa unapelekwa dunia ingine. Hii ina kamera kwa mbele zinakuonyesha chumba uko ndani yake, unaona watu, unaona mikono yako, halafu inaongeza vitu juu ya hicho chumba. Kuna sensa zinapima sakafu na kuta kila saa ndio ile redio ukiiona iko kona, ukizunguka iendelee kukaa kona. Jina lenyewe si la jana, mwaka wa 1994 Paul Milgram na Fumio Kishino waliandika wakichora mstari, upande mmoja dunia halisi, upande mwingine dunia ya kompyuta tupu, na kila kitu kiko hapo katikati wakakiita uhalisia mseto.

Na hapo katikati ndipo kumbukumbu hukaa, hii ndiyo sababu naandika. Mama huniambia tukipita Muthurwa na matatu anaona mlango wa kwao, na honi zinalia, na makanga anaita Rongai, na bado anaona mlango. Haondoki hapo ndio aone. Huyu msanii ameelewa hiyo. Angetumia ile ya kufunga macho, mama angepelekwa miaka ya sabini aachwe huko kama mtalii. Hapa alikuwa anaona redio ya mbao ya wakati huo na pembeni yake anaona mkono wake wa leo, na saa yake, na pete, na mimi nimesimama pale. Alininyooshea mkono bila kuongea. Nikaushika.

Kile chumba chenyewe. Kuna sanduku la bati chini ya kitanda, taa ya chimni, kalenda, thamosi, vitambaa vya kushonwa kwa mkono juu ya kila kitu, na redio inaongea kwa sauti ya chini, matangazo ya vifo, vile Voice of Kenya walikuwa wanasoma. Vitu vilikopwa kwa familia tofauti tofauti, kila kimoja kikapigwa picha nyingi sana kutoka kila upande, kompyuta ikaziunganisha ikatoa umbo. Pale kamera haikufika pamebaki mashimo. Nyuma ya kabati hakuna kitu, unaona ukuta wa galari. Picha ya harusi imetundikwa lakini nyuso hazijashika vizuri, ziko na ukungu. Msanii hakuziba hayo mashimo na mimi naona alifanya vizuri sana, juu ni pale kwa mashimo ndio mama alianza kuongea. "Hapa palikuwa na pazia." "Baba alilala huu upande, sisi chini, miguu inaelekea mlango." Kwa maisha yangu yote sijawahi kusikia hiyo ya miguu kuelekea mlango. Akaendelea hadi yule kijana wa galari akasogea karibu kusikiza, na dakika zetu kumi na mbili zilikuwa zimeisha lakini hakutukatiza, akaniuliza tu pole pole, "Mama yuko sawa?" Alikuwa sawa.

Kuna stuli. Hii nataka niieleze vizuri. Stuli ni ya kweli, ya mbao, imewekwa sakafuni mahali pale pale stuli ya ndani ya hedseti iko, kwa hivyo unaona stuli yenye kitambaa, unakaa, na kweli umekaa. Mama alipapasa kwanza kwa mkono kisha akakaa na akashusha pumzi. Kwangu mimi ilikuwa imehama, yaani ninayoona na ya kweli zimepishana kama shubiri moja, nilikaa nusu nikashika ukuta. Kijana akarekebisha haraka, lakini kwa kazi inayoita wazee hiyo haifai kutokea hata mara moja. Mzee akianguka hapo ni nyonga.

Na stovu. Stovu pia ni ya kweli, imetiwa mafuta ya taa, haiwashwi. Unaisikia harufu kabla hata hujavaa chochote. Harufu huingia kwa ubongo kwa njia fupi kuliko macho na masikio, inafika haraka pale hisia na kumbukumbu ziko, na mimi ambaye nimezaliwa wakati wa gesi ile harufu ilinirudisha kwa shosho ushago mpaka nikasimama. Ukiniuliza nusu ya hii kazi ni hiyo stovu.

Yenye haikunifurahisha: hedseti ni nzito, dakika ya nane hivi inaanza kukandamiza mashavu. Mama huvaa miwani, ilibidi kijana ahangaike nayo, na kilemba ilibidi atoe, na kwa mama wa umri wake kutolewa kilemba mbele ya watu si jambo dogo, wangemwambia mapema tungejipanga. Hedseti ni nne pekee kwa hivyo tulikaa foleni karibu saa moja na viti ni viwili. Na maelezo yote kwa ukuta ni Kizungu. Kazi ya landhies, watu walikopesha masanduku yao, halafu wenye hizo nyumba hawawezi kusoma nini imeandikwa! Hiyo iliniuma kwa kweli. Nilimsomea mama nikitafsiri.

Kuna daktari Mswisi, Johannes Hofer, mwaka wa 1688 aliandika juu ya kutamani nyumbani akaipa jina nostaljia, na aliichukulia ni ugonjwa kabisa, dawa yake kubwa ni mgonjwa arudishwe kwao. Nilifikiria hiyo tukiwa kwa foleni, juu wengine wetu kwao pamevunjwa au pamebadilika, utarudishwa wapi? Wenzetu wa New York Juni 2023 walivaa miwani wakamtazama Ryuichi Sakamoto wa Japani akipiga piano katikati yao, na alikuwa amefariki Machi ya mwaka huo huo, alirekodiwa akiwa hai. Sijaona hiyo. Lakini naelewa kwa nini mtu angeenda.

Wasiwasi wangu mmoja ni hivi vyombo vyenyewe. HoloLens, hedseti ya Microsoft ya aina hii, ilitoka 2016, ikaja ya pili 2019, na 2024 wakaacha kuitengeneza. Kazi ikitengenezwa kwa chombo cha aina moja, chombo kikiisha kazi inaenda nayo. Nilimwambia kijana, nikamwomba amfikishie msanii, zile picha na sauti zihifadhiwe mahali pengine pia, na mama yuko tayari kurekodiwa hiyo ya pazia na miguu.

Ukienda, nenda siku ya kazi asubuhi, na uende na mtu aliyeishi hizo nyumba, ukienda peke yako utaona vitu vya zamani tu.

Sisi tulirudi Jumamosi iliyofuata na anti yangu, mdogo wa mama. Yeye alikataa hedseti kabisa, akasema haweki kitu usoni. Akaenda moja kwa moja akakaa kwa stuli kando ya stovu, mama amevaa yake anamwelezea, redio iko pale, sanduku liko pale, na anti anamjibu, "Hapana, sanduku lilikuwa huku," na hajaona chochote.